Kwa Nyanzobe, Anayetafuta Mashine

Nyanzobe, uliniuliza mashine gani ununue
kwa hoteli yako ya Nansio,
nami nikakaa wiki tatu bila kujibu,
maana swali lako lilinikuta nafuta
masizi ya mota ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu.
Niliipendea Makoroboi, jua la saa saba,
muuzaji akaiwasha tupu, ikaimba.
Mashine tupu, mdogo wangu, zote huimba.
Nyumbani nikaipa karanga kilo mbili,
ikanung'unika, ikatoa moshi mwembamba kama wa udi,
na karanga zikabaki zinanitazama, nzima.

Ya pili ilikufa kwa dagaa.
Unawajua dagaa wetu: huanikwa mchangani,
na mchanga nao huja mjini, haulipi nauli.
Visu vikawa butu kama vijiko.
Nikatafuta visu vingine Mlango Mmoja, Nyakato, hadi Buhongwa.
"Mama, hivyo havije tena. Nunua mashine mpya."

Ya tatu sitaki kuisema.
Harusi ya Igoma, watu mia nne,
vitunguu ndoo sita, saa tisa usiku.
Nilimalizia kwa kisu, nikilia,
na hakuna aliyejua kwamba si vitunguu.

Ndipo nikapanda kwa Lushinge,
fundi wa kibanda cha bati kule Bugarika,
kilichoegemea jabali kama mgonjwa ukutani.
Nikamwuliza: ipi haifi?
Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.
"Zote hufa. Uliza ipi hufufuka."

Akanionyesha rafu yake.
"Dukani wanakuonyesha zilizozaliwa leo.
Mimi nakaa na marehemu. Njoo uwasome."

Akafungua moja: gia ya plastiki,
meno yamelika kama ya bibi mpenda miwa.
Akafungua ya pili: hakuna skrubu, gundi tupu.
"Aliyeitengeneza hii hakutaka mtu airudie."
Ya tatu akanipa mikononi, nikayumba.
Shaba nene, gia ya chuma,
kaboni unazibadilisha kwa bei ya soda.
"Uzito huo si urembo," akasema,
"ndiyo mashine yenyewe. Mengine ni nguo."

Nikatoa pesa. Akazisukuma pembeni.
Ile ina mwenyewe, mpishi wa shule ya bweni,
huileta kila Juni kama mtoto wa kliniki.

Basi sikia, Nyanzobe.
Usiulize rangi, wala vitufe vingapi;
mimi nilikuwa na vitufe kumi na viwili, nilibonyeza kimoja.
Uliza bei ya kisu kabla ya bei ya mashine.
Uliza kisu hicho kinauzwa duka gani, na mwezi ujao je?
Nenda na karanga zako kwenye mkoba,
mwombe muuzaji azisage mbele yako.
Akikataa, umeshajibiwa.
Na kama ni ya chai ya watu wanne na juisi ya Jumapili,
usibebe mzigo wa hoteli. Lakini wewe una hoteli.

Mimi nimepata yangu.
Ina sura mbaya, rangi ya maji ya masufuria,
ikinguruma jirani husema
kivuko cha Kamanga kimepanda mlima.
Jana imesaga toka alfajiri,
tangawizi, nyanya, karanga, kisha karanga tena.
Umeme ulipokatika nikaiwekea kiganja ubavuni,
nikiogopa.
Vuguvugu tu,
kama shavu la mtoto aliyelala,
siyo la mwenye homa.

Nitumie dagaa kwa meli ya kesho.
Ila tafadhali,
safari hii wapepete kwanza.