Shilingi Mia Mbili Puani

Mwili wake ulitoka kwenye kasha la jokofu.
Mganga wa Mvumi alinunua jokofu, mimi fundi nikaliwasha,
na badala ya soda nikaomba takataka:
lile povu jeupe, kavu, linalolia kisu kikipita
mpaka ukauma meno.

Sechelela, mtoto wa dada yangu, kidato cha tatu,
alichora bawa kwa mkaa sakafuni, Chang'ombe.
Siku nne mama yake alifagia kwa kukwepa,
siku nne tulikula ugali tumesimama.

Mota ilikuja na basi kutoka Kariakoo,
imeviringishwa ndani ya kitenge,
na karatasi ya Kichina iliyotusemesha kwa picha tu.
Waya tatu. Ukikosea mbili,
pangaboi linazunguka kinyume, linavuta nyuma,
kama mtu aliyekubali kwa mdomo.
Tulikosea. Tukabadilisha.

Ijumaa usiku, mizani.
Aliibeba ndege kwa ncha za vidole viwili,
chini ya bawa, pale penye alama ya kalamu,
nayo ikakaa mkia chini kama kuku anayetaga.
"Mjomba, pua nyepesi."
Nikapapasa mfukoni: sarafu ya mia mbili.
Tukaibandika kwa gundi, tukajaribu tena.
Ikalala sawa, ikitetemeka kidogo.
"Nauli ya rubani," nikasema.
Hakucheka. Alikuwa amebana pumzi.

Mbuga ya Bahi, saa moja kasoro.
Mpunga umeshavunwa, tope limepasuka vigae.
Mwezi wa nane hapa ukichelewa
upepo unaamka na kukuvua kofia,
lakini saa hiyo ulikuwa bado umelala,
uzi tulioufunga juu ya antena ukining'inia tu.
Kijana mchunga ng'ombe akatusogelea: "Mbukwenyi."
Akaizunguka ndege kama mnunuzi mnadani,
akauliza inakula nini.

Kibawa cha kulia? Kinapanda.
Cha kushoto? Kinapanda.
Mkia? Ndiyo.
Betri? Mjomba, twende.

Alikimbia nayo hatua saba, akaiachia.

Ilishuka kwanza.
Mshuko ule bado uko tumboni mwangu.
Ikaparaza mabua,
kisha kama imekumbuka kitu,
ikapanda.

Sauti ya nyuki ndani ya kopo.
Ng'ombe wote wakainua vichwa, isipokuwa mmoja.
Ilipokuwa inakwenda, niliiweza: kulia ni kulia.
Ilipogeuka kuja kwangu
mikono ikawa ya mtu mwingine;
naivuta kulia, inakwenda kushoto,
nakaza, inalala ubavu,
jua likaimeza.

"Iachie!"
"Niachie nini?"
"Vijiti, mjomba! Viachie!"

Mimi, ambaye kila nati ya mji huu
nimeikaza mpaka ikalia,
nikafungua vidole.

Na ndege, bila mimi,
ikajinyoosha.
Ikatoka ndani ya jua imenyooka kama mstari wa daftari,
ikapita juu yetu, chini kabisa,
nikaona mia mbili yangu iking'aa puani.

Nikampa rimoti. Sikusema neno.
Yeye, ndege ilipogeuka kumjia, akaipa mgongo,
akaitazama kupitia begani,
ili kulia kwake kuwe kulia kwa ndege.
Nani alimfundisha? Nilikuwa najua shuleni wanasoma ubaoni tu.
Akazunguka mara tatu. Nilihesabu.
Ya nne upepo ulikuwa umeamka.

Ilitua kwa pua, mbali, kwenye vigae vya tope.
Kijana alitangulia kufika. Akairudisha kichwani,
kama mwanamke anayetoka kisimani,
pangaboi limevunjika upande mmoja.
Pale puani palibaki duara ya gundi, safi,
ukubwa wa sarafu.

Nikautazama mkono wake wa kushoto. Umefumbwa.
Yeye alikuwa bado anatazama juu.
"Kesho mnakuja?" akauliza.
Sechelela alishaanza kupima pangaboi kwa kidole.
"Jumamosi," akasema. "Leta na huyo ng'ombe
ambaye hakuinua kichwa."