Malipo ya Pili

Ng'ombe wangu aliitwa Malipo ya Pili,
maana ndiyo yaliyomnunua, korosho za mwaka ule
bei ilipopanda hata wenye madeni wakacheka.
Alizaa usiku wa Jumanne. Alfajiri, ukungu wa Newala
ungali umelalia bati, akakataa kusimama.

Nikampigia Daktari Hokororo. Akasema, nakuja.
Aliyekuja ni kijana Chilumba, mbeba mkoba wake,
na chupa ya kalsiamu, na sindano, na haraka.
Akaifungulia mshipani kama amwagaye maji ya kunawa.
Malipo alivuta pumzi moja ndefu. Ya pili hakuimaliza.

Shemeji akaniambia: Somoe, piga moyo konde.
Konde sikulipiga. Nilipigisha chapa, steshenari ya sokoni,
nakala tatu: jina la mlalamikaji, jina la mlalamikiwa,
namba yake ya usajili
(niliikuta dukani kwake, ukutani, ndani ya fremu,
nikaiandika kiganjani nikijifanya nanunua dawa ya kupe).
Tarehe. Saa. Dawa gani, kiasi gani, nani alishuhudia.
Shahidi: mama mkwe, ambaye macho yamemchoka.
Kielelezo: chupa, ndani ya kanga, ndani ya debe la mchele.

Miezi minne. Mikorosho ikachanua.
Ndama, Malipo ya Tatu, nikamnywesha kwa chupa ya soda.
Likaja jibu lenye mhuri: yamepokelewa,
mlalamikiwa amepewa muda wa kujieleza.
Nikajua kumbe haki nayo hucheua.

Siku ya shauri, Mtwara mjini. Ukumbi wa feni moja
inayolalamika kuliko mimi.
Watu watano mezani. Hakuna aliyenikaripia,
hakuna aliyenipa pole.
Mama mwenye miwani akauliza:
mapigo ya moyo, wakati dawa inaingia, nani aliyapima?
Kimya. Daktari akatazama viatu vyake,
vina vumbi jekundu, vumbi letu lile lile.
Akasema: nilikuwa Kitangari, pikipiki ilikata mnyororo.
Akasema: nilimtuma mimi. Kosa si la kijana.

Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Uamuzi: leseni isimamishwe miezi sita, na onyo la maandishi.
Kuhusu ng'ombe, Baraza halina mfuko wa ng'ombe;
hayo ni ya mahakama. Barua tena, nakala tatu tena.

Miezi sita ile, mbuzi wa Bi Nambunga wakaharisha
wakaisha mmoja mmoja, na duka la dawa lina kufuli.
Bombani wakanena bila kunitaja:
kuna mtu alimfungia daktari.
Zamu yangu ikawa ya mwisho, ndoo ikajaa tope.

Mwezi wa saba, Malipo ya Tatu, sasa mtamba, akavimba tumbo.
Nikaishika simu. Nikaiweka. Nikaishika.

Akaja mwenyewe, mkoba begani mwake mwenyewe.
Leseni hakunionyesha, nami sikuiomba.
Nilisema tu: kabla hujamgusa, soma kichupa,
kwa sauti, mpaka mama mkwe asikie.

Akasoma. Jina la dawa. Kiasi. Tarehe ya kuharibika.
Kisha akaweka sikio ubavuni mwa mtamba
akahesabu kwa midomo, kama mtoto wa darasa la kwanza,
na mimi, ukutani, nikahesabu naye.