Kabichi

Umeme ulikatika Kamalondo saa moja usiku.
Baba akawasha mshumaa, akafunga dirisha la upande wa Mukalayi,
akanipa neno la kwanza: gnyot.

Sikuzijua herufi zile. Moja ilikaa kama mende aliyepinduliwa,
miguu sita hewani. "Hiyo ni zhe," akasema, "haiumi."
Miaka mitano alisomea Kharkiv kuyeyusha shaba,
akarudi na koti zito lisilovalika Lubumbashi hata Juni,
na kamusi ya buluu, mgongo wake gundi tupu.

Gnyot: ukandamizaji.
Lakini chini, kwa maandishi ya sisimizi, kuna maana ya pili:
jiwe linalowekwa juu ya kabichi kwenye pipa la chumvi
ili isielee.
Baba akaitazama sufuria ya mama,
na lile pande la malakiti lililobana kifuniko, paka asifunue.
Tulicheka mpaka mshumaa ukayumba.

Samodur:
aliyetawazwa na ujinga wake mwenyewe,
anayeamka na kuamuru mvua inyeshe kwenda juu.
"Unamjua?"
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimjua mkuu wa shule,
aliyetupanga juani tangu asubuhi tuimbe jina moja
kwa ajili ya gari lenye mapazia,
na gari halikupita.
"Huyo bado mwanafunzi," baba akasema.

Igo: nira.
Huku kwetu ng'ombe hawalimi, ila shingo tunazo.

Proizvol alinifundisha mara mbili.
"Lipasue," alisema, kama apasuavyo jiwe pale maabara.
Ndani mna volya. Volya ni utashi. Volya ni uhuru pia.
Mmoja akila volya ya wote,
makombo yanayobaki mezani ndiyo proizvol.
Nikachukua penseli.
"Usiandike."

Donos hakunitafsiria.
Alielekeza kidole dirishani,
na nje Mukalayi akakohoa kile kikohozi chake cha kusikiliza.

Kesho yake akanishika bombani, ndoo yangu bado nusu.
"Weye mutoto ya Nawej, baba anakufundishaka nini na usiku?"
"Kabichi," nikasema. "Namna ya kuitunza isielee."
Sijui kama kabichi iliingia kwenye ripoti.

Mwaka uliofuata baba alirudi saa nne asubuhi
na kisanduku cha katoni: kikombe, kalamu, kandambili.
Wamemtoa maabara, wamempeleka ghala la Likasi kuhesabu magunia.
Alimwambia mama neno moja tu: opala.
Mama akadhani ni jina la mwanamke.
Siku mbili hakumpa bukari.
Mimi nilijua: opala ni kuanguka kutoka jicho la mkubwa.
Nilijua, nikanyamaza, maana kulieleza
kungehitaji dirisha lifungwe, na ilikuwa mchana.

Leo najiuliza tulikwenda kutafuta nini mbali vile.
Dhuluma tulikuwa nayo, na mabavu, na uonevu,
maneno yetu wenyewe, makali, yamenolewa vizuri.
Shida yake ilikuwa moja: Mukalayi naye aliyajua.
Na huko yalikotoka yale ya baba,
nadhani kulikuwa na mama fulani na binti yake,
theluji mlangoni, dirisha limefungwa,
wakijifunza ya kwao kwa lugha ya wengine.

Baba alizikwa miaka tisa iliyopita. Mukalayi alimtangulia.
Juzi usiku umeme ulikatika tena.
Nikaitoa kamusi, nikafungua lile dirisha, bawaba zikalia,
na kwa Kiswahili, kwa sauti, nikasema: dhuluma.
Upande wa pili mjukuu wa Mukalayi alikuwa anakaanga ndagala.
Akainua kichwa kwenye moshi.
"Munasema nini, mama?"

Mume wangu ni marehemu, watoto wangu wako mbali,
sina kazi ya kufukuzwa.
Nikasema, "Kabichi."