Ua

Saa saba usiku, Łódź, ghorofa ya tatu
ya jengo lililokuwa kiwanda cha pamba.
Mashine za kusokota ziliuzwa kwa kilo, chuma chakavu;
sakafuni yamebaki mashimo ya miguu yake,
na Bogna ameweka kiti kati ya mawili.

Alibofya "Sasisha" jioni, kwa mkono mmoja,
mwingine umeshika bakuli la supu ya bitiruti.
Mstari wa buluu ukatembea, ukatembea,
ukafika asilimia tisini na moja, ukaketi.
Kisha dirisha dogo, adabu nyingi, habari kidogo:
Usasishaji umeshindikana. Jaribu tena baadaye.

Baadaye ndiyo hii.

Kiendelezi hakipo, wala hakijatoka.
Ukitaka kukisakinisha: tayari kimo.
Ukitaka kukiondoa: hakuna kitu cha jina hilo.
Bila hicho msimbo wote ni wa rangi moja, majivu;
mabano hayamtafuti mwenzake,
na kesho saa mbili ratiba za tramu za mji mzima
zinangoja marekebisho ya mistari kumi na minne.

Amezima, amewasha. Nani hakuanzia hapo?
Amesoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari
kama mtu anayechambua mchele
na kila chembe ni jiwe.
Karibu na mwisho: folda ya toleo la zamani
haiwezi kuondolewa. Inatumika.

Inatumiwa na nani, saa hizi?
Ameiuliza seva. Seva imejibu bila haya:
mchakato mmoja, ulioanza tarehe tisa Machi,
mtumiaji, ireneusz.

Ireneusz! Aliyeagwa Aprili kwa keki ya jibini,
akaenda zake Podlasie kufuga nyuki.
Alifunga dirisha, akadhani kufunga ni kuzima,
na miezi yote hii kipande cha kazi yake kimekaa gizani
kikiing'ang'ania folda ile
kama mtoto aliyelala na shuka mkononi.

Angeweza kumaliza mwenyewe. Amri ni fupi.
Lakini jina la mtu ni jina la mtu.
Akapiga simu. Ikaita mara sita.
"Bogna? Kuna nini? Nani amekufa?"
"Hakuna. Ila wewe bado uko kazini."
Akamweleza. Kicheko, kikohozi, kuni zikidondoka.
"Ua," akasema. "Niue tu, nikalale."

Alisema kwa Kipolandi, na huko neno hilo halina pacha.
Kwangu mimi ninayesimulia linakuja na petali zake:
ua; na nyuki wake wamejikunyata mizingani
chini ya theluji ya Novemba,
wakiota Mei.

Akaandika namba ya mchakato. Akakawia.
Akabonyeza.

Folda ikaachia, hivyo tu, kama fundo lililochoka.
Akaifuta kwa mkono,
akafuta na jina lake katika orodha ya vilivyomo,
akasakinisha toleo zima kuanzia mwanzo.
Asilimia tisini na moja. Akaacha kupumua.
Tisini na mbili.

Rangi zikarudi moja moja:
zambarau ya masharti, rangi ya chungwa ya namba,
kijani cha maelezo, na ndani ya kijani,
mstari wa sitini, maneno ya miaka mitatu nyuma:
"Usiguse hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi. I."

Hakugusa.