Risasi ya Paa la Bethania

Jumatatu usiku waliing'oa risasi ya paa letu.
Siyo risasi ya bunduki, nasema ile ya fundi,
nzito, laini, rangi ya mbingu za Wales mwezi wa Novemba;
ila wazee wa kanisa waliposikia
walijishika vifua kana kwamba imewapata.

Mvua ya bonde hili haina haraka wala haya.
Jumapili ilinitangulia mimbarini.
Tukaweka ndoo tatu, na sufuria ya chai ya akina mama,
nikahubiri, na kila nilipotua kuvuta pumzi
ndoo ziliitika amina kabla ya watu.
Watu wenyewe kumi na tisa,
na mbwa wa Emrys asiyependa sala ndefu.

Mgodi ulifungwa nikiwa na miaka saba.
Baba alirudi na kofia yake yenye taa,
akaitundika jikoni, uso ukutani.
Hadi leo siwezi kutamka neno haki
bila kuuona mgongo wa kofia ile.

Siku za raga mji mzima huimba.
Wasioamini lolote huimba tenzi za bibi zao,
sauti nne, machozi, bia mkononi,
nami katikati yao, skafu shingoni, nawaza:
hawa hawakuacha kuabudu, waliacha kuja.
Na waje wapi? Kwenye benchi la baridi
waambiwe wavumilie?

Ijumaa tunagawa chakula ukumbini.
Tegwen anaandika: maharage mikebe sita, nepi, chakula cha paka.
Bwana mmoja akaninong'oneza
kwamba yule pale ana simu ya bei kubwa.
Nilitaka kumjibu kwa maandiko.
Nikampa sanduku abebe.
Kisha mama mmoja akarudisha mchele:
"Nipe kitu kinacholika kibaridi, mchungaji.
Mita yangu haina hata senti."
Mchele ule nilikuwa nimeuombea.
Sikujua kwamba baraka nayo hutaka gesi.

Baada ya ibada Bi Heulwen alibaki kwenye kinanda,
vidole juu ya vibonye, hapigi.
Miaka arobaini ametupigia, hajawahi kukosea
isipokuwa siku tuliyomzika binti yake.
Akanipa bahasha. Pauni mia mbili na arobaini.
"Ya paa," akasema, akiitazama ndoo.
Pensheni yake naijua. Mjukuu wake namjua pia:
Iestyn, niliyembatiza, aliyenivuta kola akacheka,
ambaye wiki hii mikono yake ina weusi
usiosikia sabuni.

Aliyeiba, mji mzima unamtaja kwa kunong'ona.
Aliyenunua, mwenye yadi ya vyuma chakavu,
jina lake limechapwa kwenye jezi za watoto wetu
na hakuna anayenong'ona.
Hayo niliyaandika kwenye mahubiri, nikayafuta,
nikayaandika tena kwa kalamu.

Jana nilibisha kwa Iestyn.
Alifungua mlango nusu, koti mwilini, ndani giza.
"Umekuja na polisi?"
"Nimekuja na ngazi."
Alikaa kimya muda mrefu, akatafuta viatu.

Hatukusameheana, kama ndivyo unavyodhani.
Alipanda, akashika misumari kwa meno,
mimi chini nikashika ngazi kwa nguvu
za mtu anayeogopa urefu wa mwingine.
Tulipigilia turubai, basi. Akauliza tu
kama bibi yake hulowa anapopiga kinanda.
Nikasema ndiyo.
Akashuka, akaisogeza ngazi upande wa kinanda.

Bahasha bado iko mfukoni mwa koti langu.
Sijui niiite sadaka au fidia.
Asubuhi hii imenyesha tena, na panavuja,
si pale pa zamani: pengine,
juu ya kiti changu.