Manyoya ya Kasuku

Tjitske alinipa katika mkebe wa yogati
vijiti vitatu tu, vya kijani kibichi,
vyenye nywele laini kama kifaranga aliyelowa,
kifuniko kimetobolewa kwa uma ili vipate pumzi.
"Huitwa manyoya ya kasuku," alisema.
"Hayahitaji chochote. Wewe yaweke tu."

Hilo la kutohitaji chochote
ndilo lililopasa kunishtua.

Kidimbwi chetu ni hatua saba kwa nne.
Gerben alikichimba mwaka alioachishwa kazi
kwenye kiwanda cha maziwa:
kwa sepetu, kwa hasira, siku kumi na moja.
Tulilaza turubai jeusi, tukamimina maji,
tukangoja chura. Chura akaja mwenyewe.
Mwezi Mei anga ya Friesland ilishuka humo
na mawingu yake yote, bila kubisha hodi.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Huyu siku ya tatu alikuwa amekwisha
kutwaa jembe, sebule na kitanda.
Kufikia Agosti sikuuona uso wangu majini.
Paka wa jirani alidhani ni zulia,
akatembea hatua mbili.

Nikavuta. Likakatika, maana ndivyo linavyopenda:
kila kipande kikaelea kando, kidogo kama ukucha,
kikashusha mzizi mweupe, kikaanza ukoo.
Nikajifunza.
Ingia na buti hadi pajani,
pitisha mkono chini, kwenye tope baridi,
utafute shina lilipoanzia
kama unavyotafuta ncha ya uzi
katika fundo lililofungwa na mtoto.
Toa lote, na tope lake.
Kisha chujio la jikoni, kwa vile vipande.
Kisha rudi Jumamosi.

Lililotolewa hulala ukingoni usiku mmoja
ili mende wa maji, konokono
na wale salamanda wenye matumbo ya rangi ya chungwa
warudi nyumbani kwa miguu.
Nimekaa nikawatazama. Wengine hawana haraka.
Mfereji wa nyuma ya ua ni marufuku:
unakwenda ziwani,
na ziwa halina wa kuliingilia na buti.

Barabara yetu ina nyumba kumi na nne, vidimbwi sita.
Jumamosi jioni, kwa Wiebren nasikia reki.
Kwa Afke nasikia matusi.
Hatujaulizana. Sote tulipewa mkebe.

Tjitske sasa yuko Sneek, makao ya wazee,
ghorofa ya pili, dirisha la kutazama magari yaliyoegeshwa.
Kila nikienda huuliza kabla sijavua koti:
"Yale manyoya, yanaendelea?"
"Yanaendelea," nasema.
Sijawahi kusema kweli
iliyofanana hivyo na uongo.

Juma lililopita mikono ilinisaliti,
tope chini ya kucha, mikwaruzo hadi kiwikoni.
Akanishika kidole, akakinusa,
akacheka hata muuguzi akachungulia.
"Mimi nilipewa na dada wa mume wangu," akasema,
"mwaka ule ambao hatukusemezana.
Nililing'oa miaka minane.
Kulitupa nilishindwa, lilikuwa hai mno.
Basi nikaligawa."

Theluthi moja ya maji sasa iko wazi.
Nimeacha kudai zaidi.
Yatosha kereng'ende mmoja na wingu, wakipeana zamu.

Leo asubuhi ndoo ilikuwa imejaa,
nimeiweka juu ya saruji, juani, magugu yakauke.
Kijana aliyehamia namba tisa akaegemea uzio.
Ana kidimbwi kipya cha plastiki, kitupu,
maji yake yanameta kama sahani iliyooshwa sasa hivi.
"Ni mazuri," akasema. "Yanahitaji nini?"

Nikaitazama ndoo.
Dirishani mkebe wa yogati ulikuwa mkavu, safi,
kifuniko chake kando.

Nikamwambia avue viatu, aje upande huu.
Nikampa glavu za Gerben.