Chumvi ya Bahi

Muuguzi Foibe hakutazama tumbo kwanza.
"Meza mate," alisema, vidole vyake kooni mwangu
kama mtu anayechagua nyanya mnadani Mvumi.

Mizani ilikwisha kusema: kilo mia na nne.
Nyumbani hiyo huitwa neema. Mama mkwe
hunisifia kwa wageni, huniongezea ugali wa uwele,
na mlenda, na chumvi ile ya kukwangua mbugani,
ya kijivu, ya bure, isiyo na pakiti wala madini joto.

Nami nilidhani usingizi ni wa mimba,
baridi ya Julai ni ya Julai,
nywele kung'oka ni kosa la chanuo.

Sasa kila alfajiri, kabla ya chai,
kidonge kimoja. Hakifiki punje ya mahindi.

Ulizaliwa Jumanne, ukachelewa kulia.
Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Manyoni.
Foibe akakusugua mgongo, akakutoboa kisigino,
tone likatulia juu ya karatasi.

Majibu bado.
Nahesabu unavyonyonya.

Jana mama mkwe alirudi na chumvi ya dukani.
Hakusema kitu.
Ile ya Bahi akawamwagia mbuzi.